Ndege Ndogo Katika Mawingu



Tarehe 10 Aprili, 2006, ndege ndogo ya injini mbili ya Jeshi la Anga la Kenya iligonga kilima karibu na mji wa Marsabit, kaskazini mwa nchi hiyo, wakati hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ndani yake walikuwamo watu 17, na 14 kati yao walikufa. Wabunge watano walikuwa miongoni mwa waliokufa. Safari yenyewe ilikuwa ya kupatanisha jamii zilizokuwa na uhasama. Watu wale walikuwa kazini.

Ajali hiyo inatajwa mwanzo kwa sababu katika Afrika Mashariki ndege ndogo haikupata kuwa chombo cha watalii na matajiri peke yao. Mpango wa madaktari wanaoruka kwa ndege, ulioanzishwa mwaka 1957 na Michael Wood pamoja na wapasuaji wenzake wawili, ulikusudiwa kuwafikia wagonjwa ambao barabara hazikuwafikia. Mpaka leo mganga anayekwenda kupasua wagonjwa mahali pa mbali, afisa anayekagua mradi, na mwalimu anayevuka bahari kwenda kisiwani Mafia huenda wakajikuta wameketi nyuma ya rubani mmoja, katika ndege ya injini moja, na mbele yao wingu limesimama kama ukuta. Hapo ndipo swali linapozuka: ndege kama hiyo iwekewe nini ili ipite salama?

Jibu linalotolewa upesi ni kununua rada. Jibu hilo si la uongo, lakini limeanza kuhesabu ngazi kutoka juu. Kabla ya rada yako mambo mengine ambayo yakikosekana rada haisaidii kitu. Na baada ya rada liko jambo moja ambalo haliuzwi dukani. Kwa hiyo ni vema kuanza pale hatari inapoanzia, yaani katika kichwa cha binadamu.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua wanafunzi 20 ambao hawakufundishwa kuruka kwa kutegemea vyombo. Waliwaweka katika ndege ndogo, mwalimu akiwa kando, kisha wakawazuia kuona nje kana kwamba wameingia ndani ya wingu. Wote 20 walishindwa kuitawala ndege. Aliyewahi kushindwa alichukua sekunde 20, na aliyechelewa zaidi alichukua dakika 8. Wastani wao ulikuwa sekunde 178. Hizo hazitimii dakika tatu.

Sababu yake haina uhusiano na uoga wala uzembe. Ndani ya sikio la kila mtu imo mirija mitatu midogo iliyopinda, yenye majimaji, na hayo majimaji ndiyo yanayouarifu ubongo kwamba mwili unageuka. Lakini ndege ikianza kugeuka polepole, na ikaendelea kugeuka kwa mwendo ule ule, majimaji hutulia, na rubani huamini kwamba anakwenda moja kwa moja. Akiinyoosha ndege, huhisi kana kwamba anaanguka upande wa pili, naye huirudisha katika kosa lile lile. Pua ya ndege huinama, mwendo huongezeka, rubani huvuta usukani, na kuvuta huko huzidi kukaza mzunguko. Jambo la kutisha ni kwamba abiria hahisi lolote. Kikombe cha chai mkononi mwake hakimwagiki mpaka karibu na mwisho.

Ndiyo maana historia ya kuiandaa ndege kwa hali mbaya ya hewa ni historia ya kutafuta kitu ambacho hakidanganyiki kama sikio. Kitu hicho kilipatikana katika mchezo wa watoto. Kila mwalimu wa shule ya msingi ameona pia ikizunguka uwanjani: ikiwa na kasi husimama wima, na ukiisukuma hukataa kulala. Wahandisi wa kampuni ya Sperry huko Marekani waliichukua kanuni hiyo, wakatengeneza gurudumu dogo linalozunguka maelfu ya mara kwa dakika ndani ya chombo chenye kioo. Ndege ikiinama au ikipinda, gurudumu hubaki kama lilivyokuwa, na mstari ulio kwenye kioo humwonyesha rubani mahali ulipo upeo wa macho hata kama nje hakuna anachokiona isipokuwa weupe wa wingu.

Tarehe 24 Septemba, 1929, katika kiwanja cha Mitchel Field karibu na jiji la New York, Luteni James Doolittle alipanda ndege ndogo ya viti viwili, akafunikwa kwa turubai ili asione nje kabisa. Aliruka, akageuka, akarudi, akatua. Safari yote ilichukua kiasi cha dakika 15. Katika kiti cha pili alikaa Luteni Ben Kelsey, aliyekuwa tayari kuingilia kati kama mambo yangeharibika, naye aliweka mikono yake mahali ambapo waliokuwa chini waliweza kuiona, ili wahakikishe kwamba hagusi usukani. Doolittle alikuwa na upeo wa bandia wa Sperry, na chombo kingine cha gurudumu la namna hiyo cha kushika mwelekeo. Alikuwa pia na kipima-kimo kilichobuniwa na Paul Kollsman, ambacho kiliweza kuonyesha tofauti ndogo sana za kimo kuliko vile vilivyotangulia, pamoja na redio iliyomwongoza kwenye mstari wa kiwanja. Inafaa kukumbukwa kwamba Doolittle huyo alikuwa na shahada ya udaktari katika elimu ya urukaji, na kwamba kabla ya siku hiyo alikuwa amefanya mazoezi mengi. Mara nyingi watu huvitaja vyombo vyake wakayasahau mazoezi yake.

Vyombo hivyo, au ndugu zake wa kisasa, ndivyo ngazi ya kwanza. Hata hivyo haitoshi kuuliza kama vimo. Mnunuzi makini huuliza vinazungushwa na nini. Katika ndege nyingi ndogo za zamani magurudumu huzungushwa na hewa inayofyonzwa na pampu iliyofungwa kwenye injini. Pampu hiyo, ya aina inayotumika zaidi, ina vipande vya kaboni ndani yake ambavyo vikivunjika huvunjika ghafla bila kutoa ishara. Upeo wa bandia hauzimiki pale pale kama taa. Huanza kulala kidogo kidogo kadiri gurudumu linavyopoteza kasi, na rubani aliyezoea kuutii huufuata mpaka chini. Kwa sababu hiyo wahandisi waliamua tangu zamani kwamba chombo kinachoonyesha kugeuka kizungushwe kwa umeme, ili pampu ikifa kibaki kimoja cha kusema kweli. Ndege za kisasa huweka pampu ya pili, au upeo wa bandia mwingine wenye betri yake yenyewe. Ndege zinazotengenezwa sasa zina vioo vipana kama vya televisheni, na ndani yake hakuna gurudumu hata moja linalozunguka. Lakini kioo nacho ni mtoto wa umeme. Jenereta ikifa angani, betri moja iliyochoka haiwezi kubeba vioo, redio na taa kwa muda mrefu. Kamati ya ununuzi inayosifu ukubwa wa kioo pasipo kuuliza umri wa betri imefanya nusu ya kazi.

Liko na jambo la mrija. Kipima-mwendo hupata habari zake kutoka kwenye mrija mwembamba unaotazama mbele, kwa kawaida chini ya bawa. Katika nchi za baridi mrija huo huziba kwa barafu, na kwa hiyo huwekewa waya wa kuupasha moto. Katika nchi za joto adui wake mara nyingi ni nyigu, anayejenga kiota cha udongo ndani yake ndege ikilala nje siku chache. Dawa ya nyigu ni kifuniko cha kitambaa chenye utepe mwekundu, na mtu wa kukumbuka kukivua kabla ya kuruka. Hicho huenda ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa, na hakuna kisingizio cha kukikosa.

Barafu yenyewe inahitaji maelezo, maana wako wanaodhani kwamba jambo hilo linawahusu Wazungu peke yao. Ni kweli kwamba katika ukanda wa Ikweta maji huganda angani kwenye kimo cha kiasi cha mita 4,500 hadi 5,000, na kwamba ndege ndogo isiyo na hewa ya kujazwa ndani kwa kawaida hupita chini ya hapo. Rubani anayejaribu kuruka juu ya mawingu ili aikwepe mvua, ndiye anayeifuata barafu huko iliko. Lakini ipo barafu nyingine inayozaliwa chini kabisa, ndani ya injini. Petroli inapogeuka mvuke katika kabureta hunyonya joto jingi, na hewa yenye unyevu huweza kuganda hapo hata kama nje kuna joto la nyuzi 20 na zaidi. Injini hupungua nguvu, hutetemeka, kisha huzima, katika siku ambayo wanafunzi shuleni wanatembea na mashati mepesi. Kwa hiyo ndege yenye kabureta ina kishikizo cha kuleta hewa ya moto, na rubani hukitumia kabla ya dalili kuwa kubwa. Injini zinazopuliziwa petroli bila kabureta zimeepukana na balaa hiyo, na ni sababu nzuri ya kuzichagua.

Sasa inaweza kuja rada. Kazi ya rada ya ndege ni kuonyesha matone ya mvua. Wingu lisilo na mvua halionekani humo, wala mkondo wa upepo unaoshuka. Aidha mvua kubwa sana huimeza miale, na nyuma yake kioo huonyesha nafasi nyeupe inayoonekana kama njia iliyo wazi, kumbe ni pale ambapo rada imeshindwa kufika. Katika ndege ya injini moja antena haina budi kuwa ndogo na kuwekwa kwenye bawa, kama inavyofanywa katika ndege za Cessna Caravan zinazojulikana sana katika viwanja vya mbuga za wanyama, na antena ndogo huona kwa ufinyu zaidi. Chombo kingine husikiliza radi kwa redio na kuonyesha zilipo, nacho ni chepesi na cha bei nafuu kuliko rada. Huko Marekani marubani hupokea ndani ya ndege picha za rada za nchi nzima, lakini mwaka 2012 bodi ya uchunguzi wa ajali ya nchi hiyo iliwaonya kwamba picha inayodai kuwa na umri wa dakika moja huenda imepigwa dakika 15 au 20 zilizopita. Kwa wingu la radi dakika 20 ni maisha ya wingu zima.

Jambo la msingi ni kwamba hakuna kifaa kinachoipa ndege ndogo ruhusa ya kuingia ndani ya wingu la radi. Ndege kubwa za abiria zenyewe hulizunguka. Marubani hushauriwa kukaa mbali na radi kali kwa maili 20 za baharini, yaani kilomita 37. Rada inanunuliwa ili kuupima umbali huo. Rubani anayeitumia kutafuta upenyo katikati ya nguzo mbili za radi ameigeuza kuwa mtego.

Kifaa kinachosahauliwa kuliko vyote ni mafuta. Kanuni za kimataifa zinaitaka ndege ya injini ya pistoni ibakize mafuta ya dakika 45 baada ya kufika kiwanja cha akiba. Ndege ya viti sita ikijazwa watu sita na mizigo yao haiwezi kubeba tangi lililojaa, na abiria wa sita hukalia, kwa maneno mengine, mafuta ya kurudia. Katika siku ya jua hilo halitambuliki. Katika siku ya mvua ndilo linaloamua kama rubani ana mahali pengine pa kwenda.

Yote yaliyotajwa yamo ndani ya ndege. Lakini Doolittle alisaidiwa na redio iliyokuwa ardhini, na mpaka leo ndege iliyokamilika ikikutana na kiwanja kitupu huwa kama mtu mwenye barua ndefu aliyefika mahali pasipokuwa na posta. Kipima-kimo hupima mgandamizo wa hewa, na hakina budi kurekebishwa kwa kipimo cha mahali pa kutua. Kila kipimo kimoja cha milibari kikikosewa, kimo hukosewa kwa kiasi cha mita 8 au 9. Katika Ikweta mgandamizo haubadiliki sana kama Ulaya, lakini mita 30 za kosa juu ya kilima kilichofunikwa na ukungu zinatosha kabisa. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya abiria ya aina ya ATR iliangukia Ziwa Viktoria ikikaribia kutua Bukoba kabla ya saa tatu asubuhi, katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 kati ya 43 walikufa. Ndege ile haikuwa ndogo, wala haikuwa ya aina inayoruka bila vyombo vya mawinguni.

Mfano wa nchi iliyojaribu kuziunganisha pande zote ni jimbo la Alaska, Marekani. Kusini-magharibi ya jimbo hilo, kuzunguka mji wa Bethel, vijiji havikuunganishwa kwa barabara, na walimu, wauguzi, barua na unga hufika kwa ndege ndogo. Ajali zilikuwa nyingi mno. Kuanzia mwaka 1999 serikali ya nchi hiyo, kupitia idara yake ya usafiri wa anga, ililipia vyombo vya kiasi cha ndege 200 za kampuni binafsi: ramani ya kielektroni inayoongozwa na setilaiti, ikionyesha vilima vilivyo mbele, redio inayotangaza ilipo kila ndege, na habari za hali ya hewa. Wakati huo huo vituo vya kupima hali ya hewa vilijengwa vijijini, na taratibu za kutua kwa vyombo ziliandikwa kwa viwanja ambavyo havikuwa nazo. Chuo Kikuu cha Alaska mjini Anchorage kiliwafundisha marubani na kuyapima matokeo. Ajali za ndege zilizowekewa vyombo hivyo zilipungua kwa asilimia 40 na zaidi. Hapana shaka Marekani ni tajiri. Hata hivyo somo la Bethel halimo katika bei ya vyombo. Limo katika uamuzi wa kuviweka vyombo, vituo na mafunzo katika bajeti moja, badala ya kumwachia kila mwenye ndege anunue apendacho na kila kiwanja kingoje zamu yake. Tanzania ina rada za hali ya hewa, zikiwamo za Dar es Salaam na Mwanza. Faida yake kwa ndege ndogo hutegemea kama yanayoonekana humo yanamfikia rubani aliye kwenye kiwanja cha nyasi, akiwa bado hajawasha injini.

Limebaki lile jambo lisilouzwa dukani, nalo linawagusa hasa watumishi wa umma. Rubani wa ndege ndogo huketi hatua moja kutoka kwa abiria wake. Hana mlango wa kujifungia kama rubani wa ndege kubwa. Mkubwa akitazama saa, akaguna, akataja kikao kinachomsubiri na jina la anayekiongoza, rubani husikia. Kama ni kijana na mkataba wake ni wa mwaka mmoja, husikia zaidi. Vyombo vipya huweza kuizidisha hatari hiyo, maana mkubwa aliyeidhinisha mamilioni ya fedha kwa ajili ya rada hudhani kwamba amenunua haki ya kufika. Naye rubani huona haya kusema kwamba ndege yenye rada imeshindwa kuvuka ziwa. Watafiti wale wa Illinois, baada ya kuona wanafunzi wao wakishindwa, waliwafundisha jambo moja tu: kuigeuza ndege taratibu nyuzi 180 kwa kutazama vyombo, na kurudi walikotoka. Wakajaribiwa tena, na karibu mara zote walifaulu. Somo lilikuwa fupi. Lakini katika majaribio yale hakukuwa na abiria wa kulalamika.

Idara yenye ndege yake au inayokodi ndege inaweza kuandika katika mkataba kwamba uamuzi wa kuahirisha au kurudi ni wa rubani peke yake, kwamba gharama za siku iliyopotea hazikatwi kwenye malipo, na kwamba hakuna afisa wa cheo chochote anayeruhusiwa kumhoji kuhusu hilo siku ile ile. Inaweza pia kuziangalia ratiba zake. Juu ya Ziwa Viktoria mawingu ya radi hukusanyika usiku, pepo za nchi kavu zinapokutana katikati ya maji, na upepo wa mashariki huyasukuma kuelekea pwani ya magharibi, kwa hiyo mvua ya Bukoba hupenda kunyesha alfajiri na asubuhi. Wavuvi wa huko hawahitaji rada kulijua hilo. Kikao cha Bukoba kilichopangwa saa tatu asubuhi katika mwezi wa Aprili kinaweza kusogezwa mpaka saa nane mchana kwa barua ya mistari miwili, pasipo kutumia hata senti moja ya fedha za kigeni.